SOMO: Kukagua bunduki kuukuu ya Kihispania ya mitutu miwili

Wakuu, tuanze na kosa langu. Ya kwanza niliinunua kwa sababu ya nakshi: maua, kwale wawili, mbwa anayenusa. Msimu haukuisha, pini ya kufyatulia ikakatika. Tangu hapo nakshi naiangalia mwisho.

1. Ifungue, hakikisha chemba zote mbili ni tupu. Kisha toa kishikio cha mbele na utenge mitutu.

2. Mitutu ndiyo bunduki yenyewe. Ielekeze kwenye mwanga uchungulie: unataka duara za kivuli zilizo kamili. Duara ikipinda, hapo pamebonyea. Vidoadoa vyeusi ni vishimo vya kutu. Sasa ining'inize kwa kidole kwenye ndoano iliyo chini yake, uigonge kwa kifundo cha kidole. Mizima inalia kama kengele, sauti inachelewa kufa. Ikitoa mlio wa sufuria lenye ufa, basi ulehemu wa kipande kinachoiunganisha umeachia mahali.

3. Soma mihuri chini ya mitutu. Kituo cha majaribio cha Eibar, mji wa mafundi bunduki huko Baski, kaskazini mwa Hispania, kilianza 1927 kugonga herufi ya mwaka: A ni 1927, Z ni 1954, halafu A1 ni 1955. Tafuta pia urefu wa chemba, 65 au 70 mm. Risasi ya 70 itaingia kwenye chemba ya 65, maana mdomo wake umekunjwa; ukifyatua unakunjuka, unakosa nafasi, na shinikizo linapanda. Usijaribu.

4. Rudisha mitutu bila kishikio cha mbele, kwa sababu springi yake huficha ulegevu. Shika kitako, tikisa. Ukisikia "tik", bawaba imelika.

5. Mtambo wa kufyatulia. Uko wa aina mbili: wa ubavuni, uliofungwa kwenye bamba la pembeni, na wa boksi, uliomo ndani ya mwili wa bunduki. Ule wa ubavuni umeigwa kwa Holland & Holland wa London, kama No. 1 na No. 2 za AyA, kampuni ya Eibar; wa boksi ni wa mafundi wa Kiingereza Anson na Deeley, kama AyA No. 4. Kuna mafundi waliobandika bamba la ubavuni juu ya mtambo wa boksi. Bamba lisilo na vichwa vya pini zinazoshika vyuma vya ndani, mara nyingi ni pambo tu. Tazama na skrubu: mifereji iliyotafunwa maana yake kuna mtu alishaingia humo na bisibisi isiyofaa.

MASWALI

Mkuu, yangu imeandikwa "Eibar" tu, hakuna jina la fundi. Ni feki?
Si lazima. Eibar ilijaa karakana ndogo, na nyingine zilitengenezea waagizaji wa nje walioweka majina yao. Fuata hatua 2 na 4, jina liache.

Kati ya AyA, Arrieta na Garbi, nichukue ipi?
Iliyo nzima. AyA, iliyoanzishwa 1915, imetengeneza za kila daraja, kwa hiyo jina peke yake halikuambii kitu.

Ni kweli chuma chao ni laini?
Kwa zile za bei ya chini malalamiko yana msingi, hasa vyuma vya ndani ya mtambo. Lakini pini na springi fundi anakuchongea. Ukuta wa mtutu ukishakwanguliwa ukawa mwembamba, haurudi. Kabla hujalipa, mpe fundi aupime kwa geji.