Kabla hujamhamishia mtoto shule ya nje, soma hii kwanza

Naandika hii kwa sababu haipiti wiki bila mtu kuniuliza "jamani tunahamia nje mwezi wa nane, shule gani nzuri kule?" na mimi kila siku najibu kwa swali, mtoto ana miaka mingapi na yuko darasa la ngapi? Wengi wanaona kama nawazungusha. Siwazungushi, jibu lote liko hapo, na mimi nililijua baada ya kuumia, ntafika huko.

Tuanze na vyepesi. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, kadi ya chanjo, ripoti za shule za miaka miwili mitatu ya nyuma, na barua ya shule anayotoka inayosema yuko darasa gani. Skani vyote ujitumie kwenye imeili yako mwenyewe, orijino bebe mkononi, sio kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Kama mzazi mmoja ndo anasafiri na mtoto, mwenzake aandike barua ya ridhaa na ipigwe muhuri wa mwanasheria, usije ukaanza kuitafuta ukiwa umesimama mbele ya dawati la watu.

Halafu uliza kama shule inataka vyeti viwe na apostili, ule muhuri wa mkataba wa Hague wa 1961. Kama nchi unayotoka na unayokwenda zote zimo kwenye mkataba, muhuri mmoja unatosha, kama mojawapo haimo jiandae kuzunguka wizarani na ubalozini. Na huo muhuri unagongwa kwenye nchi iliyotoa cheti, kwahiyo ukishaondoka unaanza kuwasumbua ndugu wakupangie foleni. Tafsiri nayo, mtafute mtafsiri aliyeapishwa na anayetambulika huko unakokwenda, sio binamu yako anayejua lugha.

Chanjo usizichukulie poa. Ujerumani tangu Machi 2020 shule zinadai uthibitisho wa chanjo ya surua, usipoleta jina lako linapelekwa idara ya afya na faini ipo.

Umri sasa. Watu wanadhani darasa la tatu ni darasa la tatu dunia nzima. Uingereza mstari wa kugawa madarasa ni mwisho wa Agosti, mtoto aliyezaliwa tarehe 31 Agosti na aliyezaliwa kesho yake tarehe 1 Septemba wanapishana darasa zima. Australia ndo kabisa, jimbo la New South Wales mstari wao ni 31 Julai, Victoria ni 30 Aprili, na hiyo ni nchi moja. Mwaka wa shule nao Japani unaanza Aprili, Australia mwishoni mwa Januari, Ulaya nyingi ni Septemba, kwahiyo mtoto anaweza kurukishwa nusu mwaka au kurudishwa nusu mwaka bila kosa lolote. Kwa mtoto mdogo sio ishu, anafidia. Kwa mkubwa ni ishu.

Aina za shule, kwa kifupi ziko nne, na usimsikilize mtu anayekwambia moja ndo bora kuliko zote.

Shule ya serikali ya kule. Mara nyingi haina ada na mtoto anapata marafiki wa mtaani. Marekani Mahakama ya Juu ilishaamua tangu 1982, kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba shule za umma haziwezi kumkatalia mtoto elimu kwa sababu ya makaratasi ya uhamiaji. Japani mtoto wa mgeni halazimishwi kisheria kwenda shule lakini ukiomba anapokelewa shule ya umma na hatozwi ada. Tatizo ni lugha. Utasikia "watoto wanashika lugha haraka," ndio, lugha ya kuchezea mpira. Mtafiti Jim Cummins wa Canada alishaeleza hili miaka mingi, lugha ya maongezi inachukua kama miaka miwili, lugha ya kusomea, ile ya kuandika insha na kuelewa swali la sayansi, ni miaka mitano mpaka saba. Sasa piga hesabu. Ujerumani majimbo mengi yanawagawa watoto baada ya darasa la nne, huyu aende shule ya kumpeleka chuo kikuu, huyu aende ya ufundi, Berlin na Brandenburg ndo wanasubiri mpaka la sita. Mtoto akifika ana miaka tisa hajui neno la Kijerumani, ana mwaka mmoja wa kuonyesha akili yake kwa lugha ambayo hana. Kugeuza njia baadae inawezekana lakini ni kupanda mlima. Ukifika ana miaka minne wala usiwaze, mtupe tu humo.

Ya pili ni shule za taifa fulani zilizo nje ya taifa lao, mfano shule za Kifaransa zilizo chini ya mtandao wa AEFE, yaani wakala wa serikali ya Ufaransa wa shule zake za nje, au shule za Kijerumani za nje. Uzuri wake mtaala ni ule ule kila nchi, kwa familia inayohama kila baada ya miaka mitatu ni nafuu kubwa, anafunga daftari huku analifungulia kule ukurasa ule ule. Ila ukishaingia kutoka ni shughuli, hasa lugha ya kufundishia.

Ya tatu ni hizi zinazoitwa za kimataifa. Jamani, neno "kimataifa" halina mwenyewe, sehemu nyingi mtu yeyote anaweza kuliandika getini. Wakikwambia wanafundisha IB, yaani International Baccalaureate, mtaala wa kimataifa wenye shirika lake, ingia kwenye tovuti ya IB yenyewe utafute jina la shule, zimeorodheshwa, na angalia kama imeshaidhinishwa au bado ni mwombaji, maana shule mwombaji haina ruhusa bado na hakuna anayekuhakikishia itaipata. Ada nayo usiangalie ile namba ya kwanza kwenye karatasi. Kuna hela ya fomu, hela ya kushikilia nafasi, mchango wa majengo, basi, sare, ada ya mitihani, na masomo ya ziada ya lugha yanayolipiwa pembeni. Uliza zipi zinarudishwa ukihama katikati ya mwaka, na jibu lije kwa maandishi. Kama anayelipa ni mwajiri, soma mkataba, unalipa mpaka mtoto afike umri gani? Kazi ikiisha mwezi wa tatu, muhula unaomalizika mwezi wa sita nani analipa?

Ya nne, kusomea nyumbani au mtandaoni. Kwa wengine inafaa sana. Ila Ujerumani hairuhusiwi, Sweden ni mpaka uwe na sababu ya kipekee kweli kweli, Ufaransa tangu 2022 lazima uombe kibali kwanza. Usinunue kozi ya mwaka mzima kabla ya kujua sheria ya unakokwenda.

Haya sasa, lile langu.

Binti yangu alikuwa mwaka wa kumi kwenye mfumo wa Kiingereza, yaani mwaka wa kwanza wa ile miaka miwili ya IGCSE, cheti cha kimataifa cha sekondari ambacho watoto hukifanyia mtihani wakiwa na miaka kama kumi na sita. Masomo nane, anafanya vizuri, walimu wanamsifia. Mkataba wangu ukaisha tukahamia nchi nyingine. Mimi nikajiona mjanja, nikatafuta shule inayofundisha IGCSE vile vile, nikapiga simu, dada wa ofisini akasema "ndio, tunafundisha IGCSE," nikalipa. IGCSE ni IGCSE si ndio? Nikalala usingizi.

Siku ya kuripoti mwalimu wa taaluma akaomba orodha ya masomo ya mtoto. Akachukua kalamu akawa anashuka nayo taratibu, ikifika mahali anaweka alama ndogo, anashuka tena. Alivyomaliza masomo nane yalikuwa na alama tano. Nikamuuliza hizo alama nzuri au mbaya. Akanieleza kwa upole sana, kwamba IGCSE ni jina la cheti lakini bodi za mitihani ni zaidi ya moja, kuna Cambridge, kuna Pearson Edexcel, zipo na nyingine, kila bodi ina silabasi yake, na shule tuliyotoka na ile tuliyofika zilikuwa bodi tofauti. Hisabati alikuwa sawa, mapengo madogo. Kwenye fasihi vitabu alivyovisoma mwaka mzima hapa hakuna hata kimoja. Historia, vita nyingine kabisa. Biashara haifundishwi. Na zile kazi za mradi alizokuwa akikesha nazo, zenye maksi za mwisho, zimebaki kule, hazihami.

Tukapewa njia mbili. Afanye mtihani wa bodi ya zamani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nimtafutie mimi kituo na mtu wa kumfundisha, na mazoezi ya maabara nijue mwenyewe. Au arudi mwaka wa kumi aanze upya. Tukachagua kurudi. Nikamwambia mwaka mmoja sio kitu mama, maisha marefu. Akasema sawa baba.

Kama mwezi hivi baadae nakagua madaftari yake nikaona kila daftari lina stika ya ua pale juu kwenye jalada, sehemu ile ile. Nikabandua moja kwa kucha. Chini yake kulikuwa kumeandikwa mwaka wa kumi. Nikairudishia ile stika na kidole nikaibonyeza mpaka ikashika, sikumwambia kitu mpaka leo.

Kwahiyo sikiliza. Kabla ya kulipa hata senti uliza bodi gani, na namba ya silabasi ya KILA somo, sio jina la somo. Cambridge wanatumia tarakimu nne, mfano hisabati ni 0580. Weka orodha mbili sambamba, ya shule ya zamani na mpya, namba zikifanana hapo bado uliza mada na vitabu walivyochagua. Muulize mwalimu wa taaluma, sio wa usajili, wa usajili kazi yake ni kujaza viti. Na diploma ya IB ni vile vile, miaka miwili, masomo sita, insha isiyozidi maneno 4,000, alama za juu kabisa 45 na chini ya 24 hupati diploma. Kuingilia katikati shule nyingi hawakubali kabisa. Kama una mtoto wa umri huo na una sauti yoyote kwenye tarehe ya kuhama, sogeza tarehe. Atangulie mmoja wenu, mwingine abaki na mtoto amalize. Inauma, lakini fanya.

Chuo kikuu nacho kiangalie mapema. Uingereza pasipoti peke yake haitoshi kulipa ada ya mwenyeji, kwa kawaida wanaangalia kama umeishi kule miaka mitatu kabla ya kozi kuanza, mtoto aliyekulia nje anaweza kutozwa kama mgeni kwenye nchi ya pasipoti yake.

Mengine ni ya kawaida. Mtoto mwenye mahitaji maalumu bebe ripoti mpya ya mtaalamu, ya zamani sana wataomba upya. Lugha ya nyumbani msiiache, ongeeni nyumbani hata akikujibu kwa lugha nyingine. Ushauri wa kwenye magrupu chukua lakini kamuulize mhusika mwenyewe, hata huu wangu, sheria zinabadilika. Usimwachie mtoto kwa ndugu "kwa muda" bila karatasi za ulezi, shule nyingine zitakataa kuongea na huyo ndugu. Usiache nafasi ya shule ya zamani kabla ya mpya kuthibitisha kwa maandishi. Na picha za pasipoti piga nyingi, kila fomu inataka mbili.