Somo: Piga hesabu ya mizigo kabla ya kwenda benki

Kampala na viunga vyake, mwekezaji mpya mara nyingi huanza na mizigo, ndivyo vinavyoitwa huko vyumba vya kupangisha vya mstari mmoja, kila kimoja na mlango wake, choo na bomba vya pamoja. Dalali atakutajia bei, atakutajia pango, kisha atakwambia benki itamalizia. Usianzie benki. Anza na pango, maana ndilo litakalolipa mkopo kila mwezi.

Hatua ya 1: Pango halisi

Tuseme ni vyumba 8 huko Kira, kila kimoja shilingi 250,000 za Uganda kwa mwezi, bei ya kununua milioni 200. Dalali atazidisha haraka: milioni 24 kwa mwaka, yaani 12% ya bei. Omba kitabu cha risiti cha miezi 12 ukishike mwenyewe. Tazama kama namba zinafuatana. Tazama wino. Kitabu cha kweli kina kalamu tofauti, mwandiko wa haraka, malipo ya nusu nusu na kurasa zilizochafuka. Kikiwa safi mwanzo hadi mwisho kwa kalamu moja, kimeandikwa kwa ajili yako. Kisha ongea na wapangaji wawili watatu dalali akiwa mbali: wanalipa ngapi, chumba cha jirani kiko wazi tangu lini, kila mlango una Yaka yake (mita ya umeme wa kulipia kabla) au wanachangia? Yaka ya kuchangia huleta ugomvi, na wapangaji wazuri ndio huhama kwanza.

Rudi pia siku ya mvua, Aprili au Novemba. Alama ya matope ukutani usawa wa goti itakueleza mengi.

Hatua ya 2: Toa gharama zote

Hesabu kila chumba kuwa wazi mwezi 1 kwa mwaka: milioni 2 zinaondoka, zinabaki 22. Kodi ya pango ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa mtu binafsi ni 12% ya pango lote linalozidi 2,820,000 kwa mwaka, bila kukatwa gharama za ukarabati. Hapo ni 2,301,600. Weka 10% ya matengenezo, 2,200,000. Mwangalizi, taka na gari la kunyonya choo, tuseme 150,000 kwa mwezi, ni 1,800,000. Kinachobaki ni 15,698,400.

Upande wa bei nako ongeza: ushuru wa stempu wa kuhamisha hati ni 1.5%, yaani milioni 3. Wakili, mpimaji na mthamini tuwawekee milioni 5. Umetoa milioni 208, na nyumba inakupa 7.5%. Ile 12% ya dalali imeishia hapo.

Hatua ya 3: Mkopo ambao pango linaweza kuubeba

Tuchukue riba ya 18% kwa miaka 10. Kila milioni unayokopa itakudai karibu 18,020 kwa mwezi. Kariri namba hiyo. Ukikopa milioni 120, rejesho ni kama 2,162,000 kwa mwezi, wakati nyumba inakuletea 1,308,200. Pengo la zaidi ya 850,000 litatoka kwenye mshahara wako kila mwezi kwa miaka kumi, na hapa ndipo wengi hupoteza nyumba pamoja na akiba.

Fanya kinyume. Gawa 1,308,200 kwa 1.25 ili ubaki na nafasi ya kupumua: 1,046,560. Gawa tena kwa 18,020. Jibu ni mkopo wa milioni 58. Zilizobaki, milioni 150, ni zako au za washirika wako. Kama huna, punguza bei mezani au tafuta mizigo midogo zaidi. Kumbuka pia kwamba mthamini huandika thamani mbili, ya soko na ya kuuzwa kwa haraka, na benki hupenda kuitazama ile ndogo.

Hatua ya 4: Ardhi

Wakili wako, si wa muuzaji, aifanyie hati upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ya kanda: jina, rehani, kaveati (zuio lililoandikishwa na anayedai haki kwenye ardhi hiyo). Mpimaji afungue mipaka, yaani ahakiki ilipo ardhini, majirani na mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji au mtaa) wakiwepo. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 ni desimali 11.5 hivi (desimali moja ni sehemu ya mia ya ekari), ukiuziwa kama 12.5 umelipia desimali nzima isiyokuwepo. Muuzaji akiwa anaishi hapo hapo na familia, mwenzi wake wa ndoa lazima aandike ridhaa kabla ya mauzo. Na kiwanja cha kinamasi kiache hata kikiwa nusu bei: waliobomolewa kwenye kinamasi cha Lubigi mwaka 2024 walikuwa na nyumba, si vibanda tu.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Mukono: Nimepata mizigo ya bei rahisi lakini ni kibanja. Benki itanikopesha?*
Dada, kwa kawaida benki inataka hati, na kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, hakina hati yake. Ukinunua kwa fedha zako, pata kwanza ridhaa ya maandishi ya mwenye mailo (mwenye hati ya ardhi hiyo), na uhakikishe busuulu, ada ya ardhi anayolipwa kila mwaka, imelipwa. Bila ridhaa hiyo unanunua kesi.

*Ndugu wa Jinja: Mkopo wa dola una riba ndogo. Kwa nini nisiuchukue?*
Kwa sababu wapangaji wako wanalipa shilingi. Rejesho la dola 500 ni 1,850,000 dola ikiwa 3,700; ikifika 4,000 ni milioni 2, na pango halijapanda hata shilingi.

*Mwanachama wa Kyanja: Pango la sasa ni dogo. Nikinunua nalipandisha kutoka 250,000 hadi 350,000, hesabu inatoka. Anayekataa namfungia kufuli.*
Hapana kwa yote mawili. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inaweka kikomo cha 10% kwa mwaka, kwa hiyo mwaka wa kwanza ni 275,000. Na kumtoa mpangaji kunahitaji amri ya mahakama, hata akiwa na deni. Rudia hatua ya 2 kwa pango la leo. Kama haitoki, bei ndiyo ishuke.