Somo: Kuchagua chaja ya nyumbani na ya njiani kwa gari jipya la umeme (Kenya)

Kabla ya kulipia boksi la kuchajia la ukutani, fungua kifuniko cha tundu la gari lako na usome kibandiko cha kebo iliyokuja nalo. Wengi huanza na boksi, na wanapogundua gari haliwezi kumeza kinachotolewa, pesa imeshaenda.

Hatua ya 1: Gari linameza kiasi gani?

Chaja yenyewe ya AC (stima ya kawaida ya nyumbani) imo ndani ya gari; DC ni ile ya vituo vya haraka, inayoingia moja kwa moja kwenye betri. Boksi la ukutani ni swichi yenye akili: linakagua ethi, linaliambia gari livute ampea ngapi, kisha linaruhusu stima ipite. Nissan Leaf nyingi zilizotoka Japani humeza kilowati 3 hivi. Zilizowekewa chaja kubwa humeza 6. Leaf ya kilowati 3 ukiifungia boksi la 7.4, itaendelea kumeza 3 ileile. BYD Atto 3 hufika 7 kwenye fezi moja.

Angalia pia umbo la tundu. Leaf ya Japani ina mawili: Type 1 dogo la AC na CHAdeMO kubwa la DC. Leaf ya betri ya uniti 40 iliyotoka Uingereza ina Type 2 mahali pa Type 1. Atto 3 ya soko la nje ya China ina CCS2, tundu moja la AC na DC. Gari lililoundwa kuuzwa China huja na GB/T, na hilo haliingiani na bunduki (kichwa cha kebo ya kituo) ya CCS2.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya siku moja

Tuseme unatoka Rongai kwenda mjini na kurudi, kilomita 45 pamoja na mizunguko. Leaf hutumia uniti moja kwa kilomita 6 hivi, kwa hiyo ni uniti 7.5. Ongeza zinazopotea kama joto wakati wa kuchaji, utavuta karibu 8.5 kwenye mita. Kebo ya ampea 10 hutoa kilowati 2.4. Kwa muda wa saa tatu na nusu, umemaliza. Mwenye safari kama hii hahitaji boksi la ukutani. Anahitaji soketi moja iliyofungwa vizuri.

Hatua ya 3: Soketi, na hapa usiharakishe

Ivutie waya wake wa milimita 2.5 mraba moja kwa moja kutoka kwenye bodi, breka ya ampea 16, pamoja na RCD, ile breka inayokata stima inapovuja. Iwe ya aina ya Type A, isiwe ya Type AC: vifaa vya gari vinaweza kuvujisha DC kidogo, na DC hiyo huipumbaza RCD ya Type AC isikate hata mtu akishikwa. Soketi iwe moja, si pacha, na ekstenshoni isikaribie kabisa.

Birika huvuta ampea nyingi kwa dakika tatu. Gari huvuta kwa saa kumi, na hapo ndipo skrubu iliyolegea nyuma ya soketi inapojitokeza. Siku ya kwanza, chaji saa moja, zima, chomoa, gusa plagi. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuishika, au kuna alama ya kahawia kwenye tundu la laivu, au unasikia harufu kama ya samaki, usiitumie tena. Harufu hiyo ni plastiki inayopikika.

Hatua ya 4: Ukiamua kufunga kilowati 7.4

Hiyo ni ampea 32, usiku kucha. Laini ya nyumba nyingi za fezi moja ni ampea 60. Shawa ya papo hapo ya kilowati 5.5 huvuta 23, hivyo shawa na gari pekee ni 55, bado pasi na birika. Weka ratiba gari lianze saa 4 usiku, au nunua boksi linalojipunguza lenyewe mzigo ukizidi. Tumia fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na umwombe apime ethi kwa kifaa mbele yako. Kuona fito imechimbiwa hakutoshi.

Katika bei za 2023, Kenya Power iliweka kundi la magari ya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku zenye matumizi madogo, kabla ya kodi na tozo. Linahitaji mita ya kuchajia peke yake, kwa hiyo linamfaa zaidi mwenye gari zaidi ya moja au anayetembea sana.

Maswali ya wanachama

*Kebo yangu ya Japani ina plagi ngeni. Fundi anasema aikate aweke ya pini tatu.*

Usikubali, ndugu. Kebo hiyo huvuta ampea 15, plagi yetu ni ya 13. Fyuzi itachemka kwa saa nyingi bila kukatika, plagi iyeyuke. Nunua kebo ya Type 1 yenye plagi ya pini tatu kutoka kiwandani, ya ampea 10.

*Nimepanga ghorofani, maegesho yako mita 30 kutoka kwenye mita ya stima. Waya gani?*

Dada, kwa ampea 32, milimita 4 itapoteza volti 10.6, ni nyingi. Milimita 6 itapoteza 7, karibu asilimia 3 ya volti 240. Weka 10, utapoteza 4 tu. Waya utoke kwenye mita yako mwenyewe, si ya taa za ngazi, na ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi.

*Nairobi hadi Nakuru na Leaf ya uniti 40, kuna shida?*

Ni kilomita 160 hivi. Betri yenye afya itafika ukiondoka imejaa. Kazi iko kwenye kurudi, kwa sababu unaupanda ukingo wa Bonde la Ufa. Piga simu kituoni kabla ya kutoka, na usiulize "mna chaja?" Uliza kama bunduki ya CHAdeMO inafanya kazi leo. Ondoka kituoni betri ikifika asilimia 80, kwani baada ya hapo kasi hushuka sana. Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoza kwa maji, kwa hiyo chaji ya pili ya haraka siku hiyohiyo itakuwa ya polepole.

*Stima ikipotea, mbona gari linakataa jenereta yangu ndogo?*

Halioni ethi. Jenereta nyingi ndogo hazijaunganisha nyutro na ethi, hivyo kebo inawasha taa nyekundu na kugoma. Inafanya kazi yake. Usiidanganye kwa waya wa kuunga.