Mbwa wako akiambiwa haponi tena, fanya hivi

Daktari wa mifugo akishakwambia figo zimekwisha au ni kansa na imeenea, usitoke hapo na machozi tu, muulize: ataumwa vipi, dawa gani ya maumivu, na dalili gani zikitokea nikupigie. Andika kwa simu maana ukifika nyumbani hutakumbuka hata nusu.

Hapo kwa dawa nasisitiza sana jamani. Brufen, diklofenaki, Panadol za dukani usimpe kwa kukisia, Brufen inatoboa tumbo la mbwa na kummalizia figo. Mpe ile aliyoandikiwa yeye basi.

Joto la Malindi nalo, hasa wakati wa kaskazi, linamchosha mgonjwa kushinda mzima, so mtoe kwa banda la mabati umlaze kivulini chini ya mkilifi ama ndani kwa sakafu ya simiti, lakini mtandikie magunia na leso kuukuu kwa wingi maana mbwa aliyekonda akilalia mifupa anatoka vidonda, na kama hawezi kujigeuza mgeuze wewe kila baada ya masaa machache. Wa figo anakunywa maji mengi na kukojoa kila saa, usimnyime maji ati asichafue nyumba, hapo unamuua upesi. Akikataa chakula mpashie mchuzi wa samaki usiotiwa chumvi wala kitunguu, uvuguvugu tu, ile harufu inaweza kumvuta. Akigoma kabisa usimshindilie mdomoni.

Sasa lile gumu. Chagua vitu anavyovipenda yeye, kama kukupokea getini au kwenda ufuoni Silversands jioni, halafu kila usiku weka alama kwa kalenda, leo ilikuwa nzuri au mbaya. Mbaya zikianza kuzidi, muite daktari amdunge sindano ya kumfisha bila maumivu, usingoje mpaka aanze kuhema usiku wa Jumapili na daktari hapatikani. Mi naona kumchelewesha kwa sababu sisi hatuwezi kumuacha ni kumuonea.

Kwanza anadungwa ya kumlegeza, kisha ile inayosimamisha moyo, ni dakika chache tu. Macho hubaki wazi, anaweza kuvuta pumzi moja kubwa au kukojoa, si maumivu hayo. Kaa naye, mshike kichwa. Dawa hubaki mwilini na inaua mnyama mwingine akimla, kwa hivyo kaburi lifike kiunoni au zaidi, mbali na kisima, mchanga wetu ni mwepesi na mbwa koko wanafukua, weka mawe juu.

Watoto waambie amekufa. Usiseme amelala, wataogopa kulala, wala amepelekwa shamba, watamngoja. Waache wamuage kabla ya sindano.

Na kuna watakaokwambia ni mbwa tu. Hao wakumbushe yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeteremka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, Mungu akamsamehe. Wewe lia, hata kama ni wiki nzima.