Jinsi ya kujua boti inaingiza faida kweli au inakula mtaji (daftari la dikoni, Tanga)

Mjomba wangu alikuwa na boti ya nyavu pale Sahare, kila akirudi anagawana na mabaharia, anaweka chake mfukoni, anasema leo bahari imetoa. Miaka ikaenda hivyo hivyo, halafu siku mashine imekufa hana hata robo ya hela ya mashine nyingine. Sasa faida gani hiyo? Tangu hapo nikaanza kushika daftari, na nawaandikia hapa namna ya kufanya, uwe wa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe na uvuvi wa pale), mwanafunzi unayefanya utafiti au tajiri mwenye chombo chako.

Kwanza usitokee tu dikoni, pale boti zinaposhusha samaki, na kalamu. Nenda kwa mwenyekiti wa BMU na afisa uvuvi ujieleze, kama una barua ya chuo waoneshe, maana ukionekana pale diko la Deep Sea hapa Tanga unaandikaandika bei watu watajua umeletwa na mambo ya kodi, hapo hupati la kweli hata moja. Nahodha mpe shikamoo yake, mpe pole ya bahari, muache ashushe mzigo na mnada upite ndio umuulize, mtu yuko majini tangu usiku jamani.

Siku za kwenda zichanganye. Bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), upepo wa kusi na wa kaskazi, kila kipindi na samaki wake na bei yake. Na usiandike vyombo vilivyojaza peke yake!! Kilichorudi kitupu nacho kiandike, kimechoma petroli kama wenzake, ukikiruka hesabu yote inakuwa tamu kuliko bahari yenyewe.

Kila chombo andika saa ya kutoka na ya kurudi, watu wangapi, mtego gani (jarife yani wavu wa kutega, mshipi, dema yani mtego wa kusukwa), samaki gani, kilo ngapi, kauza bei gani, kapewa nani, petroli, barafu na chakula vimekula ngapi. Kama wanauza kwa ndoo au fungu, pima mafungu kadhaa kwenye mizani upate wastani. Kitoweo cha kupeleka nyumbani nacho ni samaki, kipime.

Sasa hesabu, hapa ndio mjomba alipopotea. Tuseme boti imeuza 180,000, matumizi ya safari ni 70,000, inabaki 110,000, nusu ya chombo nusu ya mabaharia watano, yani tajiri 55,000 na kila baharia 11,000. Tajiri anaona ana 55,000. Hana! Tuseme mashine kanunua milioni 4 inadumu miaka 5, nyavu milioni 1.5 miaka 2, boti milioni 6 miaka 10, na kwa mwaka anatoka safari 200. Gawa kila kitu kwa safari zake: mashine 4,000, nyavu 3,750, boti 3,000, jumla 10,750 kila anapotoka. Ongeza matengenezo, tuseme 12,000 kwa safari, kinachobaki ni 32,250. Ile 10,750 iwekwe pembeni siku hiyo hiyo, kwenye simu au kikoba, popote isipoguswa, maana ndio mashine ya kesho. Na kama tajiri mwenyewe ndio nahodha, ajihesabie na fungu lake la kazi, asichanganye jasho na faida ya chombo.

Kitu kingine, na naomba mnisikilize vizuri hapa, hela peke yake inadanganya. Mwaka jana boti imeleta kilo 45 kwa bei ya 4,000, mwaka huu kilo 36 kwa 5,000. Zote ni 180,000, mtu anasema mambo yale yale, kumbe samaki wamepungua sehemu moja ya tano na bei ndio imeficha. Kwa hiyo gawa kilo kwa watu na masaa. Watu 5 masaa 8 ni masaa 40, kilo 45 inakuwa kilo 1.125 kwa saa ya mvuvi mmoja. Mwaka huu wamekaa masaa 10 kwa kilo 36, hiyo ni 0.72 tu. Hiyo namba ikishuka kila msimu, bahari inalia. Mwaka 1954 mchumi wa Canada, H. Scott Gordon, alieleza kwamba bahari ikiwa wazi kwa kila mtu vyombo vinaendelea kuingia mpaka faida iishe kabisa, ndio maana kuhesabu vyombo vinavyotoka ni muhimu sawa na kupima samaki.

Usisahau deni. Kuna wachuuzi wanamkopesha nahodha nyavu au mashine bila riba, halafu samaki lazima awauzie wao kwa bei ya chini. Mnada ni 5,000 yeye anapewa 4,200, ile 800 kwa kila kilo ndio riba yenyewe, kwa kilo 36 ni 28,800 safari moja. Andika bei zote mbili. Swali hili uliza mkiwa wawili tu, sio mbele ya mchuuzi.

Ukishamaliza msimu usiondoke na daftari. Rudi dikoni, kaa na manahodha, wasomee namba zao kwa Kiswahili, na nakala muachie BMU, maana wao ndio watakaoamua kama mtego fulani upumzike au sehemu fulani ifungwe kwa muda.