Somo: Makinda wa kanga na kwale shambani, namna ya kuwaacha waishi

Kila msimu wa kufyeka naulizwa lile lile: "Nimekuta kiota kwenye nyasi, nifanyeje?" Naandika mara moja. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

1. Weka alama hatua kadhaa kutoka kwenye kiota, kisha ondoka. Usiguse mayai.

2. Mayai kuwa baridi hakumaanishi yametelekezwa. Jike hutaga kwa siku nyingi, na huanza kuatamia akishamaliza; ndiyo maana makinda huanguliwa karibu pamoja. Kanga huatamia siku 26 hadi 28.

3. Funga mbwa. Paka pia.

4. Kufyeka. Hapa ndipo nilipoua. Nilianza pembezoni na mashine, nikizunguka kuelekea katikati. Kila mzunguko kwale walisogea ndani, mpaka kikabaki kipande cha nyasi kama chumba. Mama aliruka dakika ya mwisho. Makinda hawakukimbia, kwa sababu kinda akishtuka hujilaza na kutulia tuli, rangi yake imfiche. Hilo humwokoa kwa mwewe, si kwa mashine. Niliokota saba, na sijasahau.

Kwa hiyo anza katikati, utoke nje taratibu, wapate njia ya kuhamia kwenye nyasi zilizosimama. USIFYEKE usiku. Wala alfajiri kukiwa na umande: kinda aliyekurupushwa hulowa, na siku zake za kwanza mwili hauwezi kujitunzia joto, hivyo hufa kwa baridi bila hata mkwaruzo. Ukiweza, ahirisha. Makinda wa kanga huanza kuruka masafa mafupi wakiwa na wiki mbili, tatu.

5. Acha ukanda wa pembeni bila kupulizia dawa.

MASWALI

— Mkuu, si bora nichukue mayai nimwekee kuku ayaatamie?
Hatua ya 1.

— Lakini nguchiro watayala!
Mengine yataliwa, ndiyo. Kwa hiyo jike hutaga mengi. Ukiyachukua wewe, yameliwa yote.

— Nimeokota kinda yuko peke yake analia. Nimpe nini?
Mrudishe pale pale, sasa hivi. Analia ili mama amsikie, na mama yuko karibu akisubiri uondoke. Ukiona ndege mkubwa anaburuta bawa kama limevunjika, hajaumia. Anakuvuta uwaache watoto.

— Samahani, hiyo ya 5 sijaielewa. Kanga si anakula mbegu? Dawa ya magugu inamdhuru vipi?
Asante kwa kuuliza hivi. Mkubwa hula mbegu, lakini kinda wiki za mwanzo huhitaji wadudu, apate protini ya kuotesha manyoya na misuli. Wadudu wengi huishi kwenye magugu. Ukiua magugu, hujamgusa kinda, ila umemnyima chakula, naye hulazimika kutembea mbali zaidi akitafuta, akionwa na kila mwindaji. Huko Sussex, Uingereza, watafiti wamefuatilia kwale wa kijivu mashambani tangu 1968, na uhai wa makinda ulionekana kufuata wingi wa wadudu hao. Wakulima wakaanza kuacha kingo za mashamba bila dawa.

— Kumbe! Basi nami niongeze: wekeni mawe ndani ya birika la mifugo. Nimeshakuta makinda wamezama.
Hili ni la maana sana, ndugu. Mawe yapande mpaka ukingoni, kinda apate pa kukanyaga maji yakipungua. Leo jioni naweka langu.