Jinsi ya kuwauliza wanachuo kuhusu kozi ya lazima ya historia ya taifa bila kujidanganya

Kama umepewa kazi ya kukusanya maoni ya wanachuo kuhusu kozi ya lazima ya historia ya nchi yao, tafadhali usianze na "unaipenda hii kozi?" Jibu unalo tayari, nani anapenda kitu cha kulazimishwa, halafu utaenda kuandika kwamba vijana hawaijali nchi yao kumbe watu walikuwa wanalalamikia lekcha ya saa moja asubuhi kwenye ukumbi uliojaa mpaka mlangoni.

Jua kwanza hiyo lazima yenyewe ni ya aina gani, maana zinatofautiana sana. Uturuki sheria ya elimu ya juu ya 1981 inamtaka kila mwanachuo asome historia ya mapinduzi ya Atatürk, mwasisi wa Uturuki ya sasa, hata yule wa udaktari. Texas vyuo vya umma vinadai kredit 6 za historia ya Marekani. Urusi tangu Septemba 2023 ni saa zisizopungua 144 kwa kila fani. Sasa mtu wa saa 144 na mtu wa kredit 6 ukiwapa dodoso moja, utapata majibu ambayo huwezi kuyalinganisha.

Maswali ndo penye kazi. Mimi niliwahi kuandika hivi: "Je, unakubali kwamba historia ya taifa ni muhimu na iwe ya lazima?" Karibu wote wakaweka tiki ya ndiyo, nikafurahi kweli, mpaka rafiki yangu akaniuliza hii ndiyo ni ya muhimu au ya lazima? Nikakosa jibu, fomu zote zikawa karatasi za kufungia vitu. Kwa hiyo tenganisha: kujua historia kuna maana kwako? Ilazimishwe? Hii mliyofundishwa ilikuwaje? Umeongeza nini juu ya ulichosoma sekondari? Hilo la mwisho usilisahau kabisa, manung'uniko mengi yanatoka hapo, mtu anasikia tarehe zilezile alizokariri akiwa mdogo.

Usiulize siku ya mtihani, hasira ya karatasi itaingia kwenye fomu yako. Na lekchara asigawe yeye fomu wala asikae mle ndani, hata kama majina hayaandikwi, watu wanajua mwandiko unafahamika. Usichukue wa historia peke yao kwa sababu ndo wako karibu, watafute wa uhandisi na wa uhasibu, hao ndo kozi inawakula muda wa masomo yao.

Acha nafasi moja wazi: "ungekuwa wewe ndo unapanga hii kozi ungetoa mada gani, ungeweka gani?" Hapo ndo utakuta mtu aliyeandika "ifutwe" huko juu anaomba mada tatu ambazo hazikufundishwa, na mtu kama huyo usimhesabu tu kwenye wanaopinga ukaendelea, nukuu maneno yake kama alivyoyaandika.